Punje Zilizoitangulia Ardhi

Katika vitu ambavyo mwanadamu huvipita pasi na kuvitupia jicho, jiwe huenda likawa la kwanza. Twalikanyaga, twalijengea, twasagia viungo juu yake, na mtoto hulirusha mwembeni akalisahau kabla halijatua. Hakuna aliulizaye jiwe umri wake. Walakini yako mawe machache hapa duniani ambayo umri wake wapita umri wa ardhi inayotubeba. Ndani ya mawe hayo mna punje ndogo za mviringo zilizokuwapo kabla ya mlima wa kwanza kuinuka na kabla ya bahari ya kwanza kujaa. Leo twapenda kuzungumza na wasomaji wetu khabari za punje hizo, kwa kuwa zilipata kuingia nyumbani mwetu. Kuingia kwake kulizusha maswali, na maswali hayo yalitufundisha jambo ambalo twadhani lafaa kila nyumba.

Mpwa wetu, kijana aliyekuwa akisoma elimu ya miamba huko Ulaya, alikuja likizo akatuletea kisanduku. Ndani yake mlikuwa na vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa kipande cha jiwe kisichozidi nusu ya tende, kilichookotwa katika jangwa la Sahara na kuuzwa katika masoko ya Moroko, ambako biashara ya mawe yaliyoanguka kutoka angani ni jambo la kawaida. Upande mmoja kilikuwa na ngozi nyeusi, kama sufuria iliyokaa sana motoni. Hiyo ndiyo alama ya moto kilioupata kilipokuwa kikipita hewani kwa kasi. Upande wa pili kilikuwa kimekatwa na kusuguliwa hata kikang'aa, na hapo ndipo palipokuwa na ajabu yake. Uso wake ulikuwa wa kijivu, umejaa viduara vidogo vilivyobanana kama mtama uliokandwa ndani ya unga, na baina yake mlimetameta vidoa vya chuma. Tulipokisogeza karibu na sumaku, kilinata.

Cha pili kilikuwa kibamba cha kioo, na juu yake ukoga mwembamba wa jiwe hilohilo. Mpwa wetu alisema, "Mjomba, huu umesuguliwa hata unene wake ukabaki 0.03 ya milimita, wembamba kuliko unywele, ili mwanga upate kupenya. Jiwe likiwa zima, hutazama nje yake tu. Likiwa hivi, utasoma moyo wake."

Viduara hivyo wataalamu huviita kondruli. Jina hilo limetoka katika neno la Kiyunani lenye maana ya punje au chembe, na kutokana na hilo mawe yanayozibeba yakaitwa kondraiti. Aliyeyatia majina hayo katika elimu ni Gustav Rose wa Berlin, katika miaka ya 1860. Wala msomaji asidhani kwamba mawe haya ni nadra mno miongoni mwa mawe ya angani. Katika kila mawe 10 yanayoonekana yakianguka na kuokotwa, zaidi ya 8 ni kondraiti. Katika jamii zake zilizo nyingi, kondruli peke yake hujaza zaidi ya nusu ya jiwe zima. Upana wake kwa kawaida ni sehemu tu ya milimita moja, na chache hufikia milimita kadhaa. Yaani aghalabu ni kama chembe za mchanga wa pwani, na iliyo kubwa ni kama punje ya ulezi au mtama.

Mwalimu mmoja wa skuli ya mji wetu alituazima hadubini, nasi tukakusanyika usiku, wakubwa kwa wadogo, kila mtu akisubiri zamu yake. Kijana wetu alitia vipande viwili vya karatasi maalumu inayochuja mwanga, kimoja chini ya kibamba na kimoja juu yake, kisha akatuambia tutazame. Jiwe la kijivu lilikuwa limetoweka. Mahali pake palikuwa na rangi za manjano, buluu, zambarau na waridi, kama kanga zilizoanikwa juani. Punje moja ilikuwa imejaa fuwele kubwa zenye pembe, zimekaa ndani ya kioo kama vipande vya viazi ndani ya mchuzi mzito. Nyingine ilikuwa na mistari iliyonyooka sambamba, kama fito za ukuta wa udongo. Ya tatu ilikuwa na nyuzi zilizotoka upande mmoja zikatanda kama upepeo wa ukili. Mama wa nyumba yetu alitazama kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba hakujua kuwa jiwe nalo huvaa nguo kwa ndani.

Basi rangi zile na maumbo yale si pambo tu. Kwa mwenye kuyajua ni maandishi. Kwanza, yatuambia punje hizi zimefanywa kwa nini. Zilizo nyingi ni mkusanyiko wa madini mawili yaitwayo olivini na piroksini, na yote mawili ni maungano ya magnesi, chuma, silikoni na oksijeni. Baina ya fuwele hizo mna kioo, ambacho ni majimaji ya jiwe yaliyoganda kabla ya kupata nafasi ya kujipanga. Kadhalika mna matone ya chuma kilichochanganyika na nikeli, na mna maungano ya chuma na kibiriti. Ziko kondruli ambazo olivini yake ni ya magnesi karibu tupu, na chuma chake kimekaa pembeni kama matone ya madini safi. Ziko na nyingine ambazo chuma chake kimeungana na oksijeni na kuingia ndani ya olivini yenyewe. Tofauti hiyo yaonyesha kwamba hazikupikwa zote mahali pamoja wala katika hali moja: nyingine zilipata oksijeni nyingi, nyingine zilinyimwa.

Pili, maumbo yale yatuambia kwamba punje hizi zilipata kuwa majimaji. Umbo la mviringo lilionekana zamani. Mwaka 1802, Edward Howard huko London alichapisha uchunguzi wa mawe kadhaa yaliyoaminiwa kuwa yameanguka kutoka juu, mojawapo likiwa limeanguka karibu na Benares, Bara Hindi, mwaka 1798; na mwenzake de Bournon alieleza viduara alivyoviona ndani yake. Lakini aliyeisoma khabari yenyewe ni Henry Clifton Sorby wa Sheffield, Uingereza, mtu aliyekuwa miongoni mwa wa kwanza kukata mawe yakawa membamba na kuyatia chini ya hadubini. Wenzake wengine walimcheka, wakiona si busara kuitazama milima kwa chombo cha kutazamia vidudu. Mwaka 1877 alieleza kwamba punje hizi zilipata kuwa matone ya jiwe lililoyeyuka, yakaganda yakiwa yangali yakielea, kabla ya kukusanyika kuwa jiwe. Mpaka leo neno lake hilo halijavunjwa.

Wataalamu waliokuja baadaye hawakutosheka na kutazama; walitaka kuigiza. Walichukua unga wa madini hayohayo, wakautia katika tanuri, wakauyeyusha, kisha wakaupoza kwa vipimo mbalimbali, na kila mara wakakata tone lao na kulilinganisha na kondruli. Kutokana na majaribio hayo twajua mambo mawili makubwa. La kwanza ni kwamba moto wake ulifika baina ya digrii 1,500 na 1,900 za Selsiasi au karibu ya hapo, ukaja kwa ghafula na haukukaa. Maana lau ungekaa, vitu vyepesi kuruka kama natiri vingalitoweka vyote. La pili ni kwamba kupoa kwake hakukuwa kwa nukta chache, kama ambavyo tone lililo peke yake katika baridi ya anga lingepoa. Kondruli zilizo nyingi zilipoa kwa kiasi cha digrii 10 mpaka 1,000 kwa saa, yaani zilichukua saa nyingi, na nyingine siku kadhaa. Hapana budi basi kwamba zilikuwa nyingi mahali pamoja, zikipashana joto, kama makaa yanayokaa na moto yakiwa chunguni na kuzimika upesi likitolewa moja moja. Ushahidi wa wingi huo waonekana pia katika kondruli zilizogandamana mbili mbili, ambazo ziligongana zikiwa bado laini.

Yako mengine ya kushangaza. Ndani ya kondruli nyingine mna chembe ambayo haikuyeyuka, mabaki ya kitu kilichotangulia, na nyingine zaonyesha kwamba zilipita motoni zaidi ya mara moja. Halafu, baina ya punje na punje mna vumbi laini sana ambalo halikuyeyuka kabisa. Jiwe moja basi limekusanya vilivyopita katika moto mkali na vumbi ambalo moto ule haukuufikia, vyote vikiwa vimekaa bega kwa bega.

Na umri wake? Katika jiwe mna madini ya urani kwa kiasi kidogo mno, na urani hugeuka polepole kuwa risasi, kwa mwendo usiobadilika. Mwenye kupima kiasi cha risasi iliyozaliwa kwa njia hiyo ataijua miaka iliyopita, kama mtu aijuavyo saa kwa kutazama mchanga ulioteremka katika chupa. Usiku wa tarehe 8 Februari 1969, huko Allende, katika jimbo la Chihuahua nchini Meksiko, ilianguka mvua ya mawe ya kondraiti, na yaliyokusanywa yalipata tani 2. Ndani yake mlikuwa na kondruli nyingi, na pia vipande vyeupe vyenye kalisi na alumini kwa wingi. Katika vitu vyote vilivyopata kuzaliwa na mfumo wetu wa jua na kupimwa na wanadamu, vipande vyeupe vya namna hiyo ndivyo vikongwe kuliko vyote: umri wake ni miaka milioni 4,567. Kondruli zilianza kufanyika karibu wakati huohuo, na nyingine ziliendelea kufanyika kwa muda wa miaka milioni 3 au zaidi kidogo. Ardhi yetu ilichukua makumi ya mamilioni ya miaka kukamilika. Chembe kongwe kabisa ya madini ya ardhini iliyopatikana, huko Australia magharibi, ina miaka yapata milioni 4,400. Kwa hivyo mwenye kushika kondraiti mkononi ameshika kitu ambacho, kilipokuwa kikiganda, hapakuwa na ardhi ya kukipokea.

Hapo ndipo binti yetu mdogo, ambaye muda wote alikuwa amenyamaza, aliuliza swali ambalo hatukuwa tumelitazamia. Alisema, "Baba, ikiwa ardhi haikuwapo, basi moto huo uliwashwa na nini?"

Kuuliza si ujinga, na swali hilo ndilo wanaloulizana wataalamu wenyewe tangu zama za Sorby. Yanayojulikana ni haya: hapo mwanzo jua lilikuwa changa, na kulizunguka palikuwa na sahani kubwa ya gesi na vumbi. Vumbi hilo lilikuwa baridi. Likakusanyika kuwa vishada vidogo, na kitu fulani kikavipiga moto kwa ghafula, mara nyingi, mahali pengi, kwa muda wa miaka mamilioni. Kitu hicho ni kipi? Wako wanaosema ni mawimbi makali ya mshindo yaliyopita ndani ya gesi, kama wimbi litanguliavyo omo ya meli iendayo kasi, na kwamba gesi ikibanwa ghafula huwaka joto na kuyeyusha vumbi. Wako wanaosema ni radi zilizopiga katika sahani hiyo. Wako wanaosema ni kwa kugongana kwa miili midogo iliyokwisha kufanyika, ambayo matumbo yake yalikuwa bado yameyeyuka, yakatapakaa kama maji ya kisima yanapodondoshewa jiwe. Na wako wanaosema vumbi lilipikwa karibu na jua lenyewe kisha likarushwa mbali.

Kila rai ina nguvu yake na ina udhaifu wake. Ile ya kugongana ina shahidi mmoja madhubuti: jiwe lililoanguka Gujba, kaskazini mwa Nigeria, mwaka 1984. Jiwe hilo lina chuma kingi kupita kiasi, na kondruli zake zote zaonyesha kwamba zilifanyika kwa pamoja yapata miaka milioni 5 baada ya vile vipande vyeupe, wakati ambapo gesi ya ile sahani inadhaniwa ilikwisha tawanyika. Kwa hizo, mgongano mkubwa ndio unaokubaliwa na wengi. Lakini kondruli za kawaida, ambazo ndizo zilizojaza mawe mengi, hazijapata hukumu. Huenda sababu ikawa moja, huenda zikawa mbili au tatu, kila moja kwa mahali pake na wakati wake.

Tulimjibu binti yetu hivyo hivyo, bila kupunguza. Tulimwambia kwamba tone lilikuwapo, na moto ulikuwapo, na kipimo cha moto chajulikana, bali mkono ulioushika mwenge bado watafutwa. Akauliza kama wakubwa nao huruhusiwa kusema hawajui. Tukamwambia kwamba maulamaa wetu, baada ya kutoa rai zao kwa dalili zote walizo nazo, humalizia kwa kusema Wallahu aalam, wala neno hilo halikumvunjia heshima hata mmoja wao. Mtoto aliyezoea kusikia kila swali likijibiwa kwa hakika, liwe na dalili au lisiwe nayo, atakua asijue kupambanua baina ya ilimu na kelele.

Mmoja wa wageni wetu usiku ule, mzee tunayemheshimu, alitaka papo hapo kuzifunga punje hizi na aya, na kusema kwamba moto wake ndio huu au ule. Tulimwomba kwa adabu asiharakishe. Aya haibadiliki, na rai za wataalamu hubadilika kila wapatapo ushahidi mpya. Mwenye kulifunga jahazi katika gogo linaloelea asishangae asubuhi asipoliona bandarini. Mzee alicheka, akasema kwamba maneno hayo yana haki yake, akarudi kwenye hadubini kutazama tena.

Lau khabari ingeishia hapo, tungaliiandika kama mazungumzo ya usiku mmoja. Lakini khabari za "jiwe la mbinguni" zilitoka nje, na siku ya tatu alikuja mama mmoja wa mtaani kwetu. Mwanawe wa kiume alikuwa akikohoa kwa zaidi ya miezi miwili, amekonda, na usiku nguo zake hulowa jasho. Alikaa kitako barazani, akasema kwa sauti ya chini, "Maalim, nimeambiwa mnalo jiwe lililoshuka kutoka juu. Sitaki kubwa. Nipeni unga wake kidogo tu nimtilie mwanangu katika maji."

Jambo hili si la mtaa wetu peke yake. Tarehe 14 Agosti 1992 mawe mengi yalianguka Mbale, Uganda, nayo ni kondraiti; kimoja kidogo kilipita katika majani ya migomba kikampiga kijana kichwani bila kumdhuru. Wako wenyeji walioyasaga mawe hayo wakayatumia kama dawa, kwa kuwa walikuwa na wagonjwa ambao tiba yao ilikuwa haijapatikana. Hatuoni haki ya kuwacheka. Mtu aliyekata tamaa hushika chochote kinachopita mbele yake, khasa kikiwa kimekuja kwa ngurumo na mwanga.

Tulimwambia yule mama, "Dada yangu, lau humu mngekuwa na dawa, tungalilisaga lote tusibakishe hata chembe. Lakini jiwe hili tumelitazama mpaka ndani. Mna chuma kama cha jembe lako, mna kioo, mna magnesi na silikoni kama zilizomo katika jiwe unalosagia, mna nikeli na kibiriti. Ni kongwe sana, na ukongwe si dawa. Limetoka mbali sana, na umbali si dawa. Unga wake ni vumbi, na kifua kigonjwa hakina haja ya vumbi." Alinyamaza. Twadhani hakusadiki mara moja, na hatumlaumu. Asubuhi yake mama wa nyumba yetu alifuatana naye na mtoto mpaka hospitali. Makohozi yalipimwa, ikaonekana ni kifua kikuu, naye akapewa dawa za kumeza kila siku kwa miezi sita. Alizimaliza, na leo yuko skuli.

Wako wanaouliza elimu ya punje zisizoonekana ina faida gani kwa mtu mwenye watoto wa kulisha. Twawajibu kwa kisa hiki. Aliyejua mlimo nini ndani ya jiwe aliweza kumwambia mama mwenye uchungu neno la kweli. Asiyejua angempa unga, labda kwa nia njema, na miezi miwili ya kikohozi ingekuwa minne, na watoto wengine wa nyumba ile wangeambukizwa. Alikuja pia mtu mwingine na fedha zake, akitaka vipande vya kushonea hirizi. Huyo naye alirudi navyo fedha zake. Sifa ya kuwa mwenye jiwe la mbinguni ni tamu, na nyumba isiyo na ilimu huweza kulewa nayo.

Liko jambo jingine ambalo wasomaji wetu wa pande hizi wastahili kulijua. Katika elimu ya mawe haya, jamii nyingi huitwa kwa jina la mahali lilipoanguka jiwe la mfano wake, na jamii mbili zimechukua majina ya nchi zetu. Usiku wa tarehe 28 Januari 1934 lilianguka jiwe dogo Rumuruti, nchini Kenya. Kilichohifadhiwa kilikuwa na uzito wa gramu 67, nacho kikawekwa katika jumba la makumbusho la Berlin. Kilikaa huko miaka mingi, mpaka ilipodhihirika kwamba hakifanani na kondraiti za kawaida, kwa kuwa chuma chake karibu chote kimeungana na oksijeni. Mwaka 1994 jamii nzima ya mawe ya namna hiyo, pamoja na yaliyookotwa Australia na kwingineko, ikaitwa jamii ya Rumuruti.

La pili ni Ivuna, kusini magharibi mwa Tanzania, ambako jiwe la gramu 700 na kitu lilianguka tarehe 16 Desemba 1938. Hilo ni ajabu kuliko yote, kwa sababu limehesabiwa miongoni mwa kondraiti na hali ndani yake kondruli hazionekani. Maji yaliyokuwa ndani ya mwili lilikotoka yaliyageuza madini yake yakawa mithili ya udongo wa mfinyanzi. Lakini ukiziondoa gesi, vipimo vya vitu vilivyomo ndani yake vyalingana na vya jua lenyewe karibu sawasawa, kuliko jamii nyingine yoyote. Kwa hiyo mtaalamu apimapo kondruli, au jiwe la mwezini, au mwamba wa volkano, hulinganisha vipimo vyake na vya mawe ya jamii ya Ivuna. Mwezi wa Desemba 2020 chombo cha Wajapani kilileta gramu 5.4 za mchanga kutoka katika sayari ndogo iitwayo Ryugu, na walipoupima waliukuta wafanana na mawe ya jamii ya Ivuna. Jina la kijiji chetu hutajwa hivi katika vyuo vya Tokyo na London, na watoto wetu wengi hawajalisikia katika darasa lao.

Basi twawausia wasomaji. Jiwe likianguka karibu nanyi, kama lilivyoanguka Thika mwaka 2011, lisioshwe, lisipasuliwe, lisitiwe motoni, wala lisisagwe. Liokotwe kwa karatasi au kitambaa safi, na likae mahali pakavu, maana maji na chumvi ya mikono huanza kulila mara moja. Yaandikwe mahali, siku na saa, na majina ya walioliona. Kisha lipelekwe kwa wenye kujua katika jumba la makumbusho au chuo kikuu cha nchi, lisijefichwa katika kasha mpaka likasahauliwa. Jiwe lililookotwa upesi lina maneno ambayo lililolala mvuani mwaka mzima limekwisha kuyapoteza.

Na watoto wafundishwe kuuliza: hiki kimefanywa kwa nini, kilifanyika vipi, na twajuaje? Ikiwa punje ndogo kuliko mtama yaweza kutunza khabari za moto uliozimika kabla ya ardhi kuwapo, basi hakuna kitu kidogo mno kisichostahili kutazamwa. Na palipo mpaka wa ujuzi wetu, tuseme wazi kwamba ni mpaka, kisha tuendelee kutafuta. Mwenyezi Mungu atuzidishie ilimu yenye manufaa, na atuepushe na kusema tusilolijua. Amin.